Kopo la asidi amino au chungu cha kunde?
Wasomaji wanauliza kuhusu chakula na kumbukumbu za wazee

Barua nyingi za karibuni zinauliza jambo moja: unga wa asidi amino (vipande vinavyojenga protini) unaouzwa kwenye makopo, ati unazuia ubongo wa mzee kuchakaa. Tumechagua sita, tukazifupisha.

Assalamu alaykum. Mama yangu ana miaka 72 na uzito wa kilo 48. Tangu mwaka jana anasahau sana: anaacha jiko linawaka, anauliza jambo lile lile mara tatu. Ndugu yetu aliyeko Dubai ametuletea kopo la unga wa asidi amino, anasema Wajapani wamethibitisha kuwa unalinda ubongo. Tumpe? Mama anakunywa chai ya rangi na boflo asubuhi, mchana wali na kitoweo kidogo, usiku chai tena na kipande cha muhogo.
Binti, Wete

Waalaykum salaam, dada. Kopo liwekeni kabatini kwanza. Jibu lipo ndani ya barua yako mwenyewe, pale ulipotaja anachokula mama.

Protini ni kama mkufu, na asidi amino ni pete zake. Mwili hutumia aina 20 za pete hizo. Aina 9 hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo: leusini, isoleusini, valini, lisini, methionini, threonini, fenilalanini, triptofani na histidini. Ubongo nao una shida nazo. Triptofani ndiyo malighafi ya serotonini, kemikali ya ubongo inayotengeneza usingizi na utulivu wa moyo. Fenilalanini hugeuka tairosini, na tairosini huzaa dopamini na noradrenalini, zinazomfanya mtu awe makini na apate hamu ya kufanya jambo. Histidini huzaa histamini, inayouweka ubongo macho. Mzee asiyepata malighafi hizi hupoa, hukosa makini, na watu husema “ni umri tu.”

Habari ya Wajapani ina ukweli, ila imesafiri ikakua njiani. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya waliozaliwa na ugonjwa wa ubongo unaofanana na Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa wazee. Panya waliolishwa chakula chenye protini kidogo, ubongo wao ulisinyaa kwa kasi zaidi. Walipopewa mchanganyiko wa asidi amino 7 (zile 9 ukiondoa methionini na threonini), kusinyaa kulipungua na uvimbe ndani ya ubongo ukapungua. Kabla ya hapo, mwaka 2020, mchanganyiko huo ulijaribiwa kwa watu 105 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Kundi moja lilipata gramu 3 kwa siku, la pili gramu 6, la tatu unga usio na kitu, kwa wiki 12. Waliopata gramu 6 walifanya vizuri zaidi katika jaribio la umakini na la kuhamisha fikra kutoka jambo moja kwenda jingine.

Sasa angalia mipaka yake. Watu wale walikuwa wazima, hawakuwa na ugonjwa wa kusahau. Wiki 12 haziwezi kuonyesha kama mtu amekingwa na ugonjwa unaochukua miaka kumi kujijenga. Na panya walidhurika zaidi pale protini ilipokuwa pungufu. Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mama yako.

Tumhesabie. Mtu mzima wa kawaida hutakiwa apate gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mzee, wataalamu wa lishe wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu mwili wake hauitumii protini kwa wepesi kama wa kijana. Kilo 48 mara 1.2 ni gramu 58. Anachopata sasa: boflo gramu 5, wali kikombe kimoja gramu 4, kipande kidogo cha samaki gramu 9 hivi, muhogo wa usiku gramu 1. Chai ya rangi haina kitu. Jumla haifiki 25, chini ya nusu ya haki yake. Mwili usioletewa asidi amino hula misuli yake wenyewe, maana misuli ndiyo ghala, na ghala la mzee wa kilo 48 ni dogo.

Mpangilio mmoja unaofika: asubuhi mayai mawili (12), gilasi ya maziwa ndani ya chai (8) na boflo (5). Mchana samaki wa gramu 80, ukubwa wa kiganja bila vidole (18), na wali (4). Usiku robo tatu ya kikombe cha choroko za nazi (10) na muhogo wake (1). Hiyo ni 58. Tumeipa asubuhi uzito kwa makusudi: wazee wengi wana hamu ya kula asubuhi kuliko usiku, na misuli ya mzee huamka vizuri ikipata kama gramu 25 kwa mkupuo mmoja kuliko ikidonolewa gramu 5 mara kumi.

Tunaomba ukae naye mchana mmoja umtazame akila. Katika nyumba nyingi za Pemba na Unguja mama mtu mzima hupakua kipande cha samaki akawapa wajukuu, yeye akalowanisha wali kwa mchuzi na kusema ameshakula. Mchuzi si kitoweo. Ladha ya samaki imo, rangi imo, lakini protini imebaki kwenye nyama yake. Ukimuuliza amekula nini atakujibu “wali na samaki,” na hasemi uongo kwa anavyoona yeye. Kwa hiyo mpakulie sahani yake mapema, kabla watoto hawajarudi skuli.

Kama bado mnataka kutumia kopo, someni maandishi ya nyuma. Makopo mengi yanayouzwa kwa vijana wanaonyanyua vyuma yana aina 3 tu: leusini, isoleusini na valini. Hayo msimpe. Asidi amino kubwa huingia kwenye ubongo kupitia mlango mmoja, na zinagombania nafasi. Ukijaza damu kwa hizo tatu, triptofani na fenilalanini husukumwa nje, na ubongo hupata pungufu ya kile ulichotaka kuuongezea. Kopo linalofaa huorodhesha aina zote 9, au angalau triptofani, histidini na fenilalanini zimo, na linaeleza gramu za kila moja. Lisiloeleza, liache. Na kama mama anameza dawa za sonona, triptofani ya kopo asiiguse bila daktari: vikikutana, serotonini huweza kupanda hadi kuleta mtetemeko, joto kali na moyo kwenda mbio.

Jambo la jiko kuachwa linawaka halingoji chakula. Mpelekeni hospitali mwezi huu huu, na soma jibu letu la mwisho.

Bibi hana meno, samaki anamkataa kwa ajili ya miba, nyama ndiyo kabisa. Kununua mayai kila siku hatuwezi. Tumpe nini?
Mjukuu, Makunduchi

Mpe dagaa na kunde, ila kwa namna ya kutayarisha. Dagaa mkavu ana gramu 60 hivi za protini katika kila gramu 100, na vitamini B12 imo ndani yake, ambayo kwenye kunde haimo.

Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo ni adui wa mwenye presha. Kwa hiyo anza hapo. Chambua, toa vichwa. Osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, kisha roweka dakika 20 na umwage maji. Anika juani siku nzima ukifunika kwa chandarua. Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, ukigeuza, mpaka dagaa akikunjwa avunjike kwa mlio. Acha apoe kabisa. Twanga, chekecha kwa chekecheo la unga, kilichobaki juu rudisha kinuni.

Panapoharibika ni pale watu wanapotwanga na kufunga chupa dagaa angali na joto: mvuke hugeuka maji, na wiki moja baadaye ukungu umeshaingia. Moto mkali huleta uchungu, na bibi hataugusa tena. Unga usiochekechwa hukwaruza koo. Na kwa kuwa dagaa ana mafuta, unga wake huchacha, hivyo tengeneza wa wiki mbili tu, uweke kwenye chupa kavu mbali na jiko. Ukinusa ukali wa mafuta mabovu, tupa.

Vijiko viwili vya kulia, karibu gramu 10, vina gramu 6 za protini, sawa na yai moja. Changanya kwenye uji wa mtama ukishaiva, au kwenye mchuzi wa nazi wa majimbi yaliyopondwa. Anza na kijiko kimoja kwa siku tatu ili azoee harufu, ukikamulia ndimu kidogo.

Kunde, choroko au mbaazi ziroweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka zikibonyezwa kwa vidole viwili zisiwe na kiini kigumu. Nyanya, ukwaju na ndimu viingie mwisho tu, kwani ukali wake huzuia ngozi ya kunde kulainika. Wengi hulaumu kuni kumbe kosa ni nyanya. Kunde zilizokaa ghalani zaidi ya mwaka nazo haziivi vizuri hata uzipikie siku nzima. Zikiiva, ponda kwa upawa, pitisha kwenye chujio pana kuondoa ngozi, kisha tia tui. Kikombe kimoja cha kunde zilizoiva kina gramu 13.

Na usimtenganishie kunde na wali. Wali una upungufu wa lisini, kunde zina upungufu wa methionini, na kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Si lazima vikutane sahani moja, bora siku iwe moja.

Bibi akikohoa kila anapokula, au sauti yake ikiwa na maji maji baada ya kumeza, chakula kinaelekea mapafuni. Mkalishe wima wakati wa kula na nusu saa baada yake, mpe kijiko kidogo kidogo, na daktari amtazame namna anavyomeza.

Baba ana kisukari na ameambiwa figo zimeanza kuchoka. Naye tumuongezee protini?
Mkoani

Hapana, si kwa hesabu ya hapo juu. Figo zilizopungua nguvu hushindwa kutoa taka zinazobaki baada ya protini kutumika, na ulaji mkubwa huzichosha zaidi. Kwa kawaida mgonjwa wa figo asiye kwenye mashine ya kusafisha damu huwekwa kwenye gramu 0.8 kwa kilo. Aliye kwenye mashine huhitaji zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2, kwa sababu mashine yenyewe huondoka na asidi amino. Kabla ya kubadili chochote pateni vipimo viwili, kreatinini ya damu na protini ya kwenye mkojo, na muulizeni daktari kiasi cha baba kwa gramu. Unga wa kopo asipewe kabisa.

Kama anatumia metformini kwa miaka mingi, ulizeni pia juu ya vitamini B12. Dawa hiyo ni nzuri, asiiache, lakini hupunguza ufyonzwaji wa B12 tumboni, na upungufu wake huleta ganzi miguuni, kuyumba anapotembea na kusahau. Kwa ganzi hiyo watu hukipa kisukari lawama yote.

Mume wangu ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, anatumia dawa ya levodopa. Siku nyingine dawa inamfungua vizuri, siku nyingine anabaki mgumu kama mbao mpaka alasiri. Nimesikia samaki ndiye anayeua dawa. Nimuachishe?
Bububu

Usimuachishe, bibi. Ulichokisikia kina msingi, lakini tiba yake ni saa, si njaa.

Levodopa yenyewe ni asidi amino. Inaingia kwenye utumbo na kwenye ubongo kupitia mlango ule ule tulioutaja kwa dada wa Wete. Akimeza kidonge pamoja na pweza, asidi amino za pweza hujaa mlangoni na dawa hubaki nje. Ndiyo maana siku anayokula kitoweo kizuri mchana anakuwa mgumu.

Ampe tumbo nafasi: kidonge nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baada ya kula, kwa maji matupu. Chai ya maziwa ni chakula, isihesabiwe kuwa maji. Hapo ndipo wengi hukosea asubuhi. Dawa ikimtia kichefuchefu, ateremshie kwa kitu chenye protini kidogo, kama ndizi mbivu au kipande cha muhogo wa kuchemsha. Saa zikishapangwa na bado anakwama, hamisheni sehemu kubwa ya samaki na maharage kwenye chakula cha usiku, mchana ale ndizi, majimbi, mboga na matunda. Jumla ya siku ibaki ile ile, kwani mgonjwa wa Parkinson hukonda upesi. Andika kwa wiki moja saa ya kidonge, saa ya chakula na saa aliyofunguka, kisha mpelekee daktari karatasi hiyo. Na usimpe unga wowote wa asidi amino.

Ni kweli kwamba ajinomoto ya dukani inatiwa kwenye chakula ili kuongeza akili? Jirani anamtilia mumewe kijiko kizima.
Michenzani

Hapana. Kiungo hicho ni glutamati, chumvi ya asidi amino ambayo mwili unaitengeneza wenyewe. Haimo kati ya zile 9. Profesa Kikunae Ikeda wa Japani aliitenga kutoka kwenye mwani mwaka 1908, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kwa jina hilo. Ubongo unatumia glutamati kwa wingi, lakini ile ya kwenye chakula utumbo huichoma karibu yote kabla haijafika mbali, na ukuta unaolinda ubongo unaizuia iliyobaki. Pengine habari imechanganyika kwa sababu unga wa majaribio tulioutaja juu ulitengenezwa na kampuni yenye jina hilo hilo. Ni vitu viwili tofauti. Kijiko kizima kinaongeza sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na presha ya mumewe ndiyo itakayolipa. Mshauri arudi kwenye chembe chache, za ladha tu.

Nitajuaje kama mzee amesahau kwa uzee au ana ugonjwa?
Wengi wameuliza hili, Chake Chake hadi Nungwi

Kusahau jina la mtu na kulikumbuka baadaye ni jambo la umri. Kusahau njia ya kurudi nyumbani kutoka msikitini anakoswali kila siku, kushindwa kuhesabu chenji, kushindwa kupika pilau aliyoipika miaka arubaini, au kubadilika tabia akawa mtu mwingine, huo ni ugonjwa na unahitaji uchunguzi.

Jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi haya ya kusahau duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Yamo presha, kisukari, lehemu mbaya, sigara, kukaa bila kujishughulisha, upweke, na masikio na macho yasiyotibiwa. Masikio tunayatilia mkazo: mzee asiyesikia huacha kukaa barazani, akiacha baraza anaacha mazungumzo, na ubongo unapoteza kazi yake kubwa ya kila siku. Pengine ni nta tu imejaa. Usichokonoe kwa njiti. Tia matone ya mafuta ya zeituni siku tatu, kisha kituo cha afya wamsafishe. Kama sikio linatoa usaha au ngoma yake iliwahi kutoboka, usitie chochote.

Siku ya hospitali ombeni presha, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, B12 kama kipimo kipo, na wachukue orodha ya dawa zote anazomeza. Mfuko wa vidonge mwende nao, kwani baadhi ya dawa za mafua, za usingizi na za kibofu huvuruga akili ya mzee.

Nyumbani chukua futi ya fundi cherehani, mkalishe miguu ikigusa chini, pima mzunguko wa shavu la mguu pale palipo pana zaidi. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imepungua na chakula hakimtoshi. Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ile ile. Aliyekuwa kilo 60 akapoteza kilo 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia, apelekwe.

Na kuna hali isiyongoja miadi. Mzee aliyekuwa sawa juzi, leo haelewi alipo, anasinzia mchana na kupayuka usiku, huyo hajaanza ugonjwa wa kusahau. Ni homa, mkojo wenye maambukizi, maji kupungua mwilini, kiharusi au sukari imeshuka. Kama ana kisukari na ana fahamu za kumeza, mpe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu gilasi ya maji. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.